Anajua 'look', kwa nini 'look after' inamshinda?

Mtoto anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza karibu kila somo. Anafungua kamusi, anatafuta neno mojamoja, na bado sentensi haieleweki.

Chukua agizo la maabara: 'carry out the experiment'. 'Carry' ni beba, 'out' ni nje. Mtoto anajiuliza jaribio libebwe lipelekwe wapi, kumbe anaambiwa alifanye. Hapo hakosi Kiingereza pekee, anakosa na Kemia.

Kiingereza kina vitenzi vingi vya namna hii. Kitenzi kikifuatwa na kineno kidogo, maana hugeuka. 'Look' ni tazama, lakini 'look for' ni tafuta, 'look after' ni tunza na 'look down on' ni dharau. 'Give' ni toa, 'give up' ni kata tamaa. 'Put off' ni ahirisha, 'put out' ni zima moto, 'put up with' ni vumilia.

Nahau nazo zimo. 'A piece of cake' ni kazi nyepesi. 'Under the weather' ni kujisikia vibaya kidogo. 'Once in a blue moon' ni mara chache sana. 'Let the cat out of the bag' ni kutoa siri.

Mzazi ambaye Kiingereza chake si kizuri asikae pembeni, kwani Kiswahili kina mambo hayohayo. Muulize mtoto: tukipiga pasi, tukipiga simu, tukipiga deki, nani anaumia? Mzee aliyekula chumvi nyingi alikula kilo ngapi? Atacheka, na ataelewa kuwa yapo maneno yanayotembea pamoja.

Kisha mpe daftari dogo. Aandike maneno yote kwa pamoja, maana yake, na sentensi ya mambo ya nyumbani: 'We have run out of sugar', yaani tumeishiwa sukari. Matatu kwa wiki yanatosha, Jumapili aulizwe. Mwelekeze pia kwamba kwenye kamusi 'give up' hutafutwa chini ya 'give'.

Akikosea asichekwe. Mtoto anayechekwa nyumbani hanyooshi mkono darasani.