Uzamili wa ustawi wa jamii: Upime karo au jina la chuo?

WATUMISHI wengi wa ustawi wa jamii katika Kaunti ya Taita Taveta hufika mahali ambapo shahada ya kwanza haiwatoshi tena. Wanatamani kupanda cheo, kuongoza miradi au kufundisha vyuoni. Hapo ndipo linapozuka swali gumu: Je, mtu aende chuo chenye jina kubwa jijini Nairobi hata ikibidi kukopa, au asome karibu na nyumbani kwa gharama anayoimudu?

Swali hili si la kujibiwa kwa pupa. Tofauti na shahada ya kwanza, ambayo serikali huchangia, wanafunzi wengi wa uzamili hujilipia karo wenyewe. Fedha hizo hutoka kwenye mshahara, mkopo wa chama cha ushirika na, mara nyingine, kipande cha shamba la familia. Anayekosea katika uchaguzi huu haumii peke yake.

Kaunti yenyewe inawahitaji wataalamu hawa. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 340,671, na takriban asilimia 62 ya ardhi imo ndani ya mbuga za Tsavo. Afisa wa ustawi hukutana na wakulima wanaokesha wakilinda mazao dhidi ya ndovu, vibarua wa mashamba ya mkonge, wachimbaji wadogo wa vito wa Kasigau, na vijana waliovutwa Voi na barabara kuu na reli. Yeye pia huzisaidia familia zinazotegemea Sh2,000 za kila mwezi za mpango wa Inua Jamii.

Hata hivyo, mwenye nia ya kusomea uzamili wa fani hii hana mengi ya kuchagua karibu naye. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati ya kujitegemea mwaka 2016, kinajulikana zaidi kwa uhandisi wa migodi. Mombasa, umbali wa kama kilomita 150 kutoka Voi, ina mabewa ya vyuo kadhaa vya bara. Nairobi iko zaidi ya kilomita 300.

Wakazi wa Taveta wana njia nyingine ambayo wengi huisahau. Moshi, ng'ambo ya mpaka wa Holili, iko karibu nao kuliko Mombasa, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masafa, kina kituo huko. Dar es Salaam nayo ina Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 mahususi kwa fani hii.

Gharama isiyoandikwa

Kosa la kwanza la waombaji wengi ni kulinganisha karo peke yake. Karo ni sehemu tu ya gharama. Sehemu kubwa zaidi huwa ni mshahara unaoachwa.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mtumishi wa Voi anapokea Sh40,000 kwa mwezi. Akienda Nairobi kwa miaka miwili kwa likizo isiyo na malipo, atapoteza Sh960,000 za mshahara. Ongeza karo ya Sh350,000, na Sh10,000 kila mwezi zinazozidi matumizi yake ya nyumbani, yaani Sh240,000. Jumla ni Sh1,550,000.

Mwenzake anasoma Mombasa mwishoni mwa juma bila kuacha kazi. Karo ni Sh250,000, na safari 40 za Sh3,000 kila moja, pamoja na malazi, ni Sh120,000. Jumla ni Sh370,000.

Tofauti yao ni Sh1,180,000. Iwapo jina la chuo cha Nairobi litampatia yule wa kwanza Sh10,000 zaidi ya mwenzake kila mwezi, atahitaji miezi 118, karibu miaka kumi, kurejesha fedha hizo. Ikiwa nyongeza hiyo ni Sh40,000, atazirejesha kabla ya miaka mitatu kwisha. Kwa hivyo kinachoamua ni kama jina hilo litaleta nyongeza, na kwa kiasi gani.

Jina hulipa wapi?

Serikalini, jina la chuo halina nguvu inayodhaniwa. Mishahara ya umma hufuata daraja la kazi kwa mwongozo wa Tume ya Mishahara (SRC). Maafisa wawili wa daraja moja hulipwa kwa viwango vile vile, awe mmoja amesomea kwenye chuo kikongwe na mwingine kwenye bewa la mjini. Aliyekusudia kuihudumia kaunti hana sababu ya kulipia sifa ambazo mwajiri wake hatazilipia.

Mambo hubadilika kwa anayelenga mashirika ya kimataifa au uhadhiri. Huko, msimamizi mashuhuri wa tasnifu, barua yake ya mapendekezo na wenzako wa darasani huweza kufungua milango ambayo shahada peke yake haiifungui.

Anayetaka kufanya kazi ng'ambo ana hesabu yake tofauti. Nchini Uingereza hairuhusiwi kujiita mfanyakazi wa ustawi wa jamii bila kusajiliwa, na tangu 2019 kazi hiyo kwa upande wa England iko mikononi mwa Social Work England. Nchini Marekani, majimbo hutoa leseni na hutazama kama shahada imeidhinishwa au kulinganishwa na baraza la fani hiyo, CSWE. Swali lao la kwanza ni kama mafunzo yanatambuliwa. Umaarufu wa chuo hauwezi kuziba pengo hilo.

Marekani hiyo hiyo imetoa funzo chungu. Mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba wahitimu wa uzamili wa fani hii katika Chuo Kikuu cha Southern California waliochukua mikopo ya serikali walikopa dola 112,000 kwa kipimo cha kati, ilhali nusu yao walikuwa wakipata dola 52,000 au chini ya hapo kwa mwaka. Chuo kilikuwa na jina, lakini kazi zenyewe hazikuwa na mshahara wa kubeba deni lile.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwombaji ahakikishe kwamba programu yenyewe, wala si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Anayesoma nje ya nchi aulize mapema jinsi shahada yake itakavyotambuliwa akirudi.

Pili, aulize kuhusu mafunzo ya nyanjani: yatachukua muda gani, na nani atayasimamia? Fani hii hujifunzwa kwa watu kama inavyojifunzwa kwa vitabu.

Tatu, awatafute wahitimu na kuwauliza walichukua miaka mingapi kumaliza tasnifu. Programu ya bei nafuu inayomshikilia mwanafunzi miaka mitano kwa kukosa msimamizi si nafuu tena.

Nne, ajue anachokitaka. Mwenye nia ya kuwa mshauri nasaha, kwa mfano, azingatie Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, ambayo ina masharti yake ya usajili.

Mwisho, aulizie mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) na ufadhili wa mwajiri kabla ya kugusa shamba. Ruhusa ya masomo yenye mshahara, ikipatikana, hubadilisha hesabu yote tuliyoifanya hapo juu.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Anayeketi na kalamu na karatasi jioni moja, akaandika atafanya kazi wapi na kwa mshahara gani, atakuwa amejiepusha na deni ambalo huenda lingemfuata hadi siku ya kustaafu.