Senti Moja ya Franklin: Pima Picha Kabla ya Meno

Stempu ya kijani ya senti 1 yenye kichwa cha Benjamin Franklin, iliyoanza kuuzwa Marekani Januari 1923, imejaa tele kwenye mafungu ya bei ya chini. Lakini picha hiyohiyo, kwa rangi hiyohiyo, imo pia kwenye mojawapo ya stempu adimu kabisa za nchi hiyo. Nakala zake zinazojulikana hazifiki ishirini, na moja huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Kuitambua kunahitaji rula yenye milimita, kipimo cha meno na utaratibu.

Stempu za mwanzo, kama Penny Black ya Uingereza ya mwaka 1840, hazikuwa na meno. Karani alizikata kwa mkasi. Mwaka 1854 Uingereza ilianza rasmi kuzitoboa matundu ili zichanike kwa urahisi, kazi iliyotokana na ubunifu wa Henry Archer. Mwaka 1866 Mfaransa Jacques Amable Legrand akaweka kanuni inayofuatwa hadi leo: hesabu matundu yaliyomo katika milimita 20. Zikiandikwa namba mbili, ya kwanza ni ya juu na chini, ya pili ni ya ubavuni. Wakusanyaji wetu wanaijua kazi hii kupitia stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za enzi za Mfalme George VI, ambazo baadhi zilitolewa kwa meno ya vipimo tofauti.

Kwa Franklin, meno peke yake hayatoshi, kwa sababu stempu hii ilichapwa kwa mitambo ya aina mbili. Wa kwanza ulitumia bamba bapa, karatasi moja baada ya nyingine. Wa pili ulikuwa wa kuzunguka: bamba lilikunjwa kufuata umbo la silinda, na karatasi ikapita mfululizo kutoka kwenye roli. Bamba la chuma likikunjwa, uso wake wa nje huvutika kidogo, na picha hurefuka kuelekea upande uliokunjwa. Ndiyo maana picha ya bamba bapa ina urefu wa takriban milimita 22, na ile ya mtambo wa kuzunguka hufikia 22½. Nusu milimita hiyo huonekana bila shida ukikata pembe ya stempu ya bei rahisi ya bamba bapa na kuilaza juu ya ile unayoishuku, fremu kwa fremu.

Sasa unganisha vipimo viwili. Bamba bapa lenye meno 11 ni ile ya kawaida ya 1923. Mtambo wa kuzunguka wenye meno 10 pande zote ni wa kawaida pia, na wenye 11 × 10½, ulioanza mwaka 1927, ni wa kawaida zaidi. Adimu ni picha ndefu ya mtambo wa kuzunguka ikiwa na meno 11 pande zote nne. Ilitokana na ubahili: vipande vya karatasi vilivyobaki mwanzoni au mwishoni mwa roli havikutupwa, bali vilipitishwa kwenye mashine ya kutoboa iliyowekewa kazi za bamba bapa.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Anayepima ukingo wa juu tu wa stempu ya 1927 hupata 11, akaona ametajirika, kumbe ubavuni kuna 10½. Anayepima meno pande zote nne lakini asipime picha, huiita adimu stempu ya bamba bapa.

Ushauri wangu ni kuanza na picha. Meno hughushiwa: tapeli hupunguza kingo za stempu ya mtambo wa kuzunguka na kutoboa matundu mapya ya 11. Urefu wa picha haubadiliki kwa ujanja huo, hivyo stempu ya bamba bapa huondolewa kwenye orodha mapema. Ikibaki picha ndefu yenye 11 kote, kagua kama matundu yamenyooka na kama stempu haijapungua upana. Ikipita hapo pia, usiilipie bei ya adimu bila cheti cha taasisi ya uhakiki, kama Philatelic Foundation ya New York.