Istilahi za Tabianchi: Kutenga Mahali na Hali

Neno tropiki hutumiwa katika Kiswahili kwa dhana mbili zilizo tofauti, na mfasiri asiyezitenga huweza kumpotosha msomaji pasipo kukosea sarufi hata kidogo. Katika makala haya tunakusudia kuzieleza dhana hizo na kupendekeza namna ya kuzitaja.

Kwanza yafaa tutofautishe hali ya hewa na tabianchi. Hali ya hewa ni jinsi anga lilivyo kwa saa au siku fulani: mvua ya leo asubuhi, upepo wa jana. Tabianchi ni wastani wa hali hizo, pamoja na kubadilika kwake, kwa muda mrefu. Kwa desturi ya wataalamu muda huo ni miaka 30. Neno lenyewe laeleza vema: mtu hahukumiwi tabia yake kwa tendo la siku moja, na nchi kadhalika.

Mambo yanayounda tabianchi ni mengi. La kwanza ni latitudo, kwa kuwa ndiyo inayoamua jinsi miale ya jua inavyoiangukia ardhi. Mengine ni mwinuko kutoka usawa wa bahari, umbali kutoka pwani, mikondo ya bahari, pepo za misimu kama kusi na kaskazi, na milima inayokinga mvua. Aghalabu mambo haya hushindana. Nairobi i karibu zaidi na ikweta kuliko Mombasa, lakini imeinuka zaidi ya mita 1,600, na kwa hiyo ndiyo yenye baridi. Kwa wastani joto hupungua kiasi cha nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda.

Mgawanyo wa tabianchi unaotumiwa sana duniani ulianzishwa na Wladimir Köppen, mtaalamu aliyezaliwa Urusi mwaka 1846. Yeye alisomea pia mimea, akaona kuwa uoto wa mahali ni ushahidi wa tabianchi yake. Basi akaweka mipaka ya joto na mvua kwa kuufuata. Makundi yake makuu ni matano:

A. Tabianchi ya kitropiki: wastani wa mwezi wa baridi kuliko yote haupungui nyuzi 18.

B. Tabianchi kame: mvua ni haba ikilinganishwa na joto la mahali.

C. Tabianchi ya wastani: mwezi wa baridi kuliko yote u chini ya nyuzi 18, lakini haushuki chini ya nyuzi 3 chini ya sifuri.

D. Tabianchi ya baridi: mwezi huo hushuka zaidi ya hapo, ila mwezi wa joto kuliko yote hufika nyuzi 10 au zaidi.

E. Tabianchi ya baridi kali: hata mwezi wa joto kuliko yote haufiki nyuzi 10.

Hapa ndipo tatizo linapojitokeza. Ukanda wa tropiki ni eneo lote lililo kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni. Nairobi imo katika ukanda huo, lakini haimo katika kundi A, maana wastani wa Julai hushuka chini ya nyuzi 18. Kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, nacho kimo ukandani, na bado ni cha kundi E. Mwongozo wa kilimo ukisema mbegu fulani "yafaa nchi za tropiki", ilhali mwandishi alikusudia kundi A, mkulima wa Limuru au Njombe atapanda mbegu isiyostahimili baridi ya kwao.

Kwa hiyo tunapendekeza "ukanda wa tropiki" litumike kwa mahali tu, na "tabianchi ya kitropiki" kwa kundi A tu. Kwa sababu hiyo hiyo kundi E hatukuliita la ncha za dunia: Kilimanjaro haiko nchani. Mfasiri akutanapo na neno hili, na ajiulize kwanza: linataja ramani, au linataja joto?