Sura ya Tisa: Nani Alipie Wavu?

Tarehe 27 Juni 2014, bodi ya wakurugenzi wa Daraja la Golden Gate mjini San Francisco ilipiga kura ya kugharamia wavu wa kuzuia watu kujiua. Hakuna mjumbe aliyepinga. Daraja lilikuwa limetimiza miaka 77, na miongoni mwa waliokuja kusikiliza walikuwamo wazazi na ndugu wa marehemu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakirudi mbele ya bodi ileile na ombi lilelile. Fedha zilizopitishwa siku hiyo zilikuwa dola milioni 76. Kuchelewa kwake ni somo kubwa kwa yeyote anayetaka kuelewa jinsi serikali zinavyoamua uhai upi ulipiwe, na utoke mfuko gani.

Tuanze na mfuko. Golden Gate haliendeshwi kwa kodi za kawaida. Lilijengwa kwa hati fungani za dola milioni 35 zilizoidhinishwa na wapiga kura mwaka 1930, na deni hilo lilimalizika mwaka 1971 kwa ushuru wa magari yanayovuka. Ushuru huohuo hadi leo unasaidia kuendesha mabasi na vivuko vya mamlaka ya daraja. Kwa hiyo kila familia zilipoleta ombi lao, jibu lilikuwa tayari: ushuru ni wa kuvusha watu, na kujiua ni suala la afya ya akili. Mwaka 2008 bodi ilikubali kwa kura 14 dhidi ya 1 kwamba wavu ndio njia inayofaa, lakini ikashikilia kwamba ushuru wa daraja usiguswe. Wavu ukawa umekubaliwa bila mwenye kuulipia. Idara za afya hazijengi madaraja, na idara za barabara hazitibu huzuni. Katikati yao watu waliendelea kufa, zaidi ya 30 kila mwaka.

Lakini daraja hilihili halikuwa geni kwa gharama za kuokoa uhai. Wakati wa ujenzi, mhandisi mkuu Joseph Strauss alisisitiza wavu utandazwe chini ya mafundi. Uligharimu takriban dola 130,000, fedha nyingi katika miaka ile ya mdororo wa uchumi, na wanaume 19 walioanguka wakadakwa nao. Na mwanzoni mwa 2015 mamlaka iliweka kizuizi kinachohamishika katikati ya barabara ili magari yasigongane uso kwa uso, kwa takriban dola milioni 30. Ajali za aina hiyo zilikuwa zimeua watu wasiofika 20 katika zaidi ya miaka 40. Ilikuwa haki kabisa kuwalinda madereva. Ila tukizipima gharama kwa vifo, hakuna hesabu inayoeleza kwa nini dereva alistahili kizuizi na mwenye kukata tamaa akaambiwa asubiri mfadhili.

Inayoeleza ni imani. Watu wengi huamini kwamba aliyeamua kufa atakufa tu, hapa au kwingine, na kwa hiyo fedha ya kizuizi ni fedha iliyotupwa. Katika uchunguzi wa maoni uliochapishwa Marekani mwaka 2006, wahojiwa waliulizwa ingekuwaje kama Golden Gate lingekuwa na kizuizi. Karibu robo tatu yao walisema kwamba wengi au wote waliofia pale wangetafuta njia nyingine.

Jibu lilikuwa limeshapatikana karibu miaka 30 kabla. Mwaka 1978 Richard Seiden, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 515 waliozuiwa wasijiue katika daraja hilo kati ya 1937 na 1971. Takriban asilimia 94 ama walikuwa bado hai, ama walikuwa wamekufa kwa sababu za kawaida. Yaani watu hao hawakwenda kutafuta daraja jingine. Walirudi nyumbani, wakazeeka.

Sababu yake ni kwamba hamu ya kufa kwa kawaida hupanda na kushuka. Ina saa zake kali, na saa hizo hupita. Mara nyingi mtu huwa ameifunga fikra yake kwenye mahali fulani, na akikikuta kizuizi hapo hupata muda, na muda ndio anaouhitaji kuliko kitu chochote. Kama wewe unayesoma sura hii uko ndani ya saa hizo, mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno ya wazi, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Usikae peke yako ukisubiri zipite.

Miji mingine imethibitisha jambo hilo, mmoja wao kwa njia ya kuhuzunisha. Auckland, New Zealand, ilikuwa na vizuizi katika Daraja la Grafton kwa takriban miaka 60, kisha mwaka 1996 vikaondolewa. Vifo vya kujiua hapo vikaongezeka mara tano. Mwaka 2003 vikawekwa vingine vilivyo bora zaidi, na katika miaka iliyofuata watafiti hawakukuta kifo hata kimoja. Mjini Washington, Daraja la Ellington liliwekewa vizuizi mwaka 1986, na wapinzani walitabiri kwamba watu wangehamia Daraja la Taft lililo jirani kabisa. Hawakuhamia.

Kilichofungua mfuko hatimaye ni kifungu cha sheria. Mwaka 2012 Rais Obama alitia saini sheria ya uchukuzi iliyoruhusu waziwazi fedha za serikali kuu zitumike kwa vizuizi na nyavu za madaraja. Kuanzia hapo afisa wa barabara hakuweza tena kusema kwamba jambo hili halimhusu. Katika zile dola milioni 76, milioni 49 zilipitia tume ya usafiri ya eneo hilo na idara ya uchukuzi ya California. Milioni 7 zilitoka katika kodi ya afya ya akili ambayo wapiga kura wa jimbo hilo waliwatoza matajiri mwaka 2004. Na bodi, baada ya kukataa kwa miaka mingi, ikatoa milioni 20 za ushuru wake.

Kuchelewa nako kuligharimu. Wavu wa chuma cha pua wa karibu kilomita 2.7 kila upande ulikamilika mwanzoni mwa 2024, ukiwa umefika takriban dola milioni 224. Ni fedha nyingi, na mlipa kodi ana haki ya kuuliza zimenunua nini. Mwaka 2024 waliokufa hapo walikuwa 8, badala ya wale zaidi ya 30 wa kila mwaka. Ikiwa tofauti hiyo ya watu wapatao 25 kwa mwaka itadumu, ndani ya miaka 10 kila uhai utakuwa umegharimu chini ya dola milioni 1. Mwaka 2013 wizara ya uchukuzi ya Marekani, ilipopima miradi ya usalama barabarani, iliutathmini uhai mmoja kwa dola milioni 9.1.

Sisi Afrika Mashariki hatulazimiki kuanza na madaraja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila nchi ipunguze urahisi wa kuzifikia njia zinazotumika zaidi kwake, na katika maeneo mengi ya kilimo mojawapo ni viuatilifu. Sri Lanka ilipopiga marufuku vile vyenye sumu kali zaidi katika miaka ya 1990, kiwango cha vifo vya kujiua kilishuka kwa karibu nusu ndani ya miaka 10, na hapakuhitajika ujenzi wowote wa mamilioni. Basi diwani au mbunge wako akikuambia kwamba hakuna fungu la kuzuia kujiua, mwombe akuoneshe ni idara ipi iliyopewa kazi hiyo kwa maandishi. Kama haipo, anza kudai hapo, kabla ya kudai shilingi.