Jasho la Mtoto Anayenyonya

Mtoto mchanga hapandi mlima wala habebi ndoo ya maji. Kazi yake nzito ni moja tu: kunyonya. Ndiyo maana maumivu ya moyo yanayomshika mzee njiani, kwa mtoto wa miezi miwili huonekana akiwa titini. Anavuta mara chache, anaachia, anaguna, analia kwa uchungu. Midomo inapauka, paji la uso linalowa jasho la baridi. Akipumzika anatulia, akirudishwa kwenye titi, yanaanza upya. Nyumbani wataita chango.

Mwaka 1933, huko Boston, Marekani, madaktari Edward Bland, Paul Dudley White na Joseph Garland walimweleza mtoto wa aina hiyo, wa miezi 3. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha alama walizozoea kuziona kwa watu wazima wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mtoto alifariki, na uchunguzi wa maiti ukatoa jibu: mshipa wa kushoto unaoulisha moyo haukuchipuka kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, bali ulichipuka kwenye ateri ya mapafu. Hali hiyo hukadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 300,000.

Tumboni mwa mama kasoro hii haimdhuru mtoto. Mapafu bado hayajafunguka, na presha ya ateri ya mapafu inakaribiana na ya aota, hivyo mshipa hupata damu ya kutosha popote ulipochipuka. Baada ya kuzaliwa mapafu hujaa hewa, na katika wiki zinazofuata presha ya ateri yao hushuka. Hapo ndipo upande wa kushoto wa moyo, wenye kazi kubwa kuliko wote, huanza kushinda njaa.

Kwa muda watu walidhani shida ni damu isiyo na oksijeni kuingia katika mshipa huo. Mwaka 1960 David Sabiston, Catherine Neill na Helen Taussig, wa Baltimore, walionyesha kinyume. Mshipa ulipobanwa shinani wakati wa upasuaji, presha mbele ya kibano ilipanda. Maana yake damu ilikuwa ikitoka mshipa wa kulia wa moyo kupitia vijia vidogo, ikaingia ule wa kushoto, ikarudi kinyumenyume na kumwagikia ateri ya mapafu. Ni kama shamba linalopewa maji na jirani, kisha maji yote yakatorokea mtoni kabla ya kulowesha miche. Kwa hiyo wapasuaji wa siku hizo waliufunga mshipa kwa uzi ili kuzuia wizi huo, ingawa mtoto alibaki akitegemea mshipa mmoja.

Leo mshipa huhamishwa. Moyo husimamishwa, mashine ikashika kazi yake. Mpasuaji hukata tundu la mshipa pamoja na kiduara cha nyama inayolizunguka, kama kifungo, kisha hukishona kwenye aota kwa uzi mwembamba kama unywele. Mishipa miwili ikishapatikana, misuli iliyokuwa imezimia kwa njaa huamka polepole, na kwa watoto wengi moyo hurudia nguvu zake katika miezi inayofuata. Bila upasuaji, wengi hawafikishi mwaka.

Kinachouma ni kwamba ugonjwa huu unajificha nyuma ya jina lingine. Ultrasaundi ya moyo huonyesha moyo uliotanuka na kudhoofika, faili likaandikwa ugonjwa wa misuli ya moyo, mtoto akapewa dawa ya kukojoa na kurudishwa nyumbani. Mimi naona jina hilo lisiandikwe kwa mtoto mchanga yeyote kabla mpimaji hajaufuata mshipa wa kushoto hadi shinani na kuona kwa macho yake unakochipuka, na damu ndani yake inaelekea wapi. Mshipa wa kulia ulionenepa kupita kiasi ni dokezo. Picha ikiwa na ukungu, CT skani ya mishipa itamaliza ubishi.

Jasho wakati wa kunyonya lina sababu nyingi, na nyingi si hii. Lakini mama, ukiliona kila mara pamoja na kulia na kupauka, usiendelee kumpa mtoto dawa ya chango. Mpeleke hospitali, umwambie daktari hivyo hivyo ulivyoona: anatoka jasho akinyonya.