UMBO HUZALIWA NALO, AFYA HUTAFUTWA

Kuna ubishi usiokwisha katika vibaraza vya Ngamiani na Makorora, nao husikika vile vile bandarini wakati wa mapumziko na katika mashamba ya mkonge ya Korogwe na Muheza. Je, mtu aliyeumbwa mnene aweza kuwa mwembamba kwa kupunguza chakula na kufanya mazoezi? Na yule kimbaombao aliyezaliwa na mifupa myembamba, aweza kupata mabega ya mchukuzi kwa kunyanyua vyuma? Wako wasemao kwamba mambo yote ni juhudi, na kila aliye mnene ni mvivu au mlafi. Wako pia wasemao kwamba mambo yote ni ukoo na kudra, kwa hiyo hapana haja ya mtu kujisumbua. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya kweli, na kila upande waitumia nusu yake kuwadhuru watu.

Hatulileti jambo hili mbele ya wasomaji kwa kupenda mazungumzo ya urembo. Twalileta kwa sababu ujira wa wafanyakazi wengi wapotelea humo. Kijana akipokea mshahara wake hununua vidonge vya kunenepesha nyonga na makalio, mwenzake hununua majani ya chai ya kuyeyusha kitambi, na wote wawili hawajui walichokunywa. Kwa upande mwingine, mtu mzima akiambiwa na daktari kwamba sukari imeanza kupanda katika damu yake, hurudi nyumbani akicheka na kusema, "Sisi ukoo wetu ndivyo tulivyo." Huku fedha yapotea, na huku uhai wapotea. Basi hapana budi tulitazame jambo lenyewe kwa makini.

Tuanze na historia yetu wenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yakatokea mashamba yaliyoitangaza Tanga duniani, na kwa ajili ya mashamba hayo waliletwa manamba kutoka pande nyingi za nchi na hata nje ya mipaka yake. Warefu walikuja na wafupi walikuja, wenye vifua vipana na wenye miguu kama mianzi. Walikata mkonge ule ule chini ya jua lile lile, wakala posho ile ile. Lakini nani aliyepata kuwaona wakifanana? Kazi iliwapa wote mikono migumu na nguvu nyingi, walakini mrefu alibaki mrefu, na mwenye mapaja ya ukoo wake alibaki nayo. Lau umbo lingetokana na chakula na jasho peke yake, mashamba yale yangalitoa watu wa sura moja, kama kiwanda kitoavyo magunia.

Jambo hilo ambalo wazee wetu waliliona kwa macho, wataalamu wamelipima. Mwaka 1990 Claude Bouchard na wenzake, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, walichukua vijana mapacha wa kufanana, jozi 12, wakawalisha kwa muda wa siku 100 zaidi ya walichozoea kula. Kila mmoja aliongezewa kalori 1,000 kwa siku, siku 6 kwa juma. Ingawa nyongeza ilikuwa moja, matokeo hayakuwa mamoja: aliyenenepa kidogo kuliko wote aliongezeka kilo 4.3, na aliyenenepa kupita wote aliongezeka kilo 13.3. Lakini kila mtu alikaribiana sana na pacha wake, tena si kwa uzito tu, bali hata kwa mahali mafuta yalipokwenda kukaa. Mapacha wawili wakijaza tumbo, wale wawili wengine wakajaza mapaja. Hapo asemaye kwamba kila mnene ni mlafi yampasa anyamaze kidogo. Watu wawili waweza kula sinia moja la wali wa nazi, mmoja akanenepa na mwingine asinenepe, na wote wawili wasiwe na kosa.

Hali kadhalika, hakuna zoezi linaloondoa mafuta mahali lilipofanyiwa. Wengi hujilaza sakafuni wakiinuka na kulala tena mara mia, wakitumaini kwamba kitambi kitayeyuka. Misuli ya tumbo huimarika kweli, lakini mafuta yaliyo juu yake hayajui ni kiungo gani kilichofanya kazi. Wachezaji wa tenisi hutumia mkono mmoja kwa miaka mingi. Walipopimwa katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1971, unene wa mafuta katika mkono wao wa kazi haukuwa pungufu kuliko katika mkono wa pili. Mwili huchota mafuta katika ghala zake zote kwa mpango wake wenyewe, na mpango huo hurithiwa. Isitoshe, mwaka 2008 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba hesabu ya chembe za mafuta katika mwili wa mtu mzima haipungui hata akikonda. Chembe hizo husinyaa tu, zikangoja kujazwa tena. Ndiyo sababu aliyepungua kwa haraka hurejea alikotoka upesi, kwani njaa yake huzidi na mwili wake hubana matumizi.

Msomaji asikate tamaa hapa, wala asikimbilie kwa wale wa kudra, maana wao nao wana la kujibu. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2010, wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi kiasi walikuwa 22 katika kila 100. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 walikuwa 28. Je, ukoo wa Watanzania ulibadilika katika miaka hiyo michache? La hasha! Damu ni ile ile. Kilichobadilika ni maisha.

Na maisha hayo twayaona hapa Tanga kwa macho yetu. Mji huu umesifiwa kwa baiskeli, na mama wa Tanga kwenda sokoni kwa baiskeli lilikuwa jambo la kawaida. Leo wengi hupanda bodaboda hata kwa safari ya hatua mia tatu. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, mizigo ikaletwa kwa matishari. Baada ya kazi ya kuchimba bandari iliyoanza mwaka 2019, kina cha maji gatini kimeongezwa kutoka mita 3 hadi mita 13, na meli zaweza kufunga kwenye gati lenye urefu wa mita 450. Hayo ni maendeleo, nasi twayafurahia, kwani hatutaki mgongo wa mtu uwe winchi. Lakini sahani ya mchukuzi wa zamani haimfai anayekaa kutwa akiendesha mtambo. Zamani ulikuwapo muhogo, bada, samaki na machungwa ya Muheza. Siku hizi maandazi ya asubuhi hufuatwa na chipsi za mchana, na kila kituo cha safari kina soda yake.

Wengine watasema, basi dawa ni kutoka jasho tu. Hapo nchi yetu wenyewe imetoa ushahidi wa ajabu. Wahadza wa pande za Ziwa Eyasi hutembea mwendo mrefu kila siku wakitafuta nyama, asali na mizizi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitangaza matokeo ya kupima nguvu ambayo miili yao hutumia kwa siku. Ilionekana kwamba, ukubwa wa mwili ukizingatiwa, hawatumii zaidi ya watu wa Marekani na Ulaya wakaao vitini! Mwili una hesabu zake. Ukitumia zaidi katika kutembea, hubana mahali pengine. Fundisho lake ni kwamba jasho peke yake haliwezi kushinda sufuria. Mtu apendaye kupunguza uzito na aanze na sahani yake. Neno hili Watanzania wamelisikia mara nyingi kwa Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kwa Kanda ya Afrika. Wako waliomfanyia mzaha kwa kuwahimiza watu wapunguze kula, lakini mzaha haupunguzi sukari katika damu.

Je, mazoezi basi ni bure? Hata kidogo. Mwaka 1990 huko Boston, wazee 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96 walipewa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa muda wa majuma 8. Nguvu za miguu ya wale waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Ikiwa ajuza na shaibu waweza hivyo, kijana wa miaka 25 asiseme kwamba mwili wake hauna la kufanywa. Na mwaka 2002 ulitolewa uchunguzi mkubwa wa Marekani uliohusu watu 3,234 waliokuwa karibu kuingia katika kisukari. Waliolengwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao, na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma, walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Hawakugeuka kuwa watu wengine. Mwenye nyonga pana alibaki na nyonga pana. Lakini wengi waliepushwa na ugonjwa ambao hukata miguu na kupofua macho.

Hili ndilo twalolitaka likae moyoni mwa msomaji. Upana wa mabega, urefu wa miguu, mahali mafuta yapendapo kukaa, hayo hutoka kwa baba na mama. Wingi wa mafuta, nguvu za misuli, pumzi na mzunguko wa kiuno, hayo kwa kiasi kikubwa yamo mikononi mwetu. Shirika la Afya Duniani limetaja kiuno cha sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke kuwa ndipo hatari huanza kuzidi. Utepe wa fundi cherehani watosha kupima, na haugharimu mshahara wa mwezi.

Kuhusu dawa za kubadili umbo twasema kwa ukali. Katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kongo na Sudan, wanawake wametumia dexamethasone ili wanenepe. Hiyo ni dawa ya maana mkononi mwa daktari, lakini katika matumizi ya ovyo hujaza uso na tumbo, hukondesha mikono na miguu, hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu. Na aliyeitumia kwa muda mrefu akiiacha ghafla aweza kufa. Uzuri wa namna hiyo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Auzaye dawa na aonyeshe kwamba imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Asipoweza, mnunuzi na arudishe fedha zake mfukoni.

Limebaki neno moja, nalo ni zito kupita yote. Kuna wakati ambapo chakula hubadili umbo kweli kweli, hata mifupa na kimo: ni tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Katika Tanzania, watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa 34 katika kila 100 mwaka 2015 na 2016, na 30 mwaka 2022. Tumepunguza, lakini bado watoto wetu watatu katika kila kumi wananyang'anywa kimo ambacho wazazi wao waliwarithisha. Mtoto huyo akiisha kuwa mtu mzima, hakuna vyuma wala vidonge vitakavyomrudishia. Basi baba atoaye fedha kununua chai ya kitambi, ilhali mama mjamzito nyumbani hana yai, dagaa, maharage wala mchicha, ameweka fedha yake mahali ambapo haizai.

Kwa hiyo twawasihi wafanyakazi na wananchi wa Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga. Tupunguze sukari katika chai na soda katika safari. Baiskeli zitolewe uchagoni zifutwe vumbi. Matawi ya vyama vya wafanyakazi na yadai viwanja na nafasi ya kunyoosha viungo kwa wale wakaao kutwa, na chakula cha maana kwa wale wabebao kutwa. Na mzaha wa kuwaita watu majina kwa ajili ya miili yao ukome kazini na barazani, kwani anayechekwa hajifunzi afya. Hujifunza kujificha, au kununua sumu. Umbo tumerithi na haliwi kosa la mtu. Afya twaitafuta kila siku, na katika kuitafuta kimbaombao na pandikizi la mtu wana njia moja.