Ngoma ya Digodigo kwenye soko la miondoko

Microsoft walipoingiza sokoni Kinect mwaka 2010, kamera ya kuchezea gemu kwa kutumia mwili pekee, ziliuzwa milioni 8 ndani ya siku 60. Ilirusha nuru isiyoonekana kwa macho, ikapima umbali na kutambua viungo vya mwili. Ukiinua mkono, mchezaji wa kwenye runinga naye anainua. Kilikuwa chombo cha sebuleni. Kwenye jua kali la Digodigo, tarafa ya Sale wilayani Ngorongoro, ambako Wabatemi hucheza ngoma yao, isingefua dafu.

Uzalishaji wake ulisimamishwa 2017. Leo simu janja inatosha. Mfumo wa BlazePose, uliotolewa na Google mwaka 2020, hutambua pointi 33 za mwili kutoka picha ya kawaida, hata nje juani, kisha programu huzipachika kwenye mifupa ya mchezaji wa kidijitali. Studio zilizovalisha watu nguo maalumu zenye alama na kuwazungushia kamera nyingi hazina tena ukiritimba. Kilichobaki na thamani ni miondoko yenyewe, pamoja na mikono ya kuisafisha.

Kusafisha ndiko kwenye kazi. Vijana wa Kibatemi wakijipanga bega kwa bega, mmoja humziba mwenzake, shuka huficha magoti, kamera inabahatisha. Wakiruka, mchezaji wa kwenye skrini huelea au nyayo zake huteleza. Lazima mtu akae kwenye kompyuta arekebishe picha baada ya picha, na hiyo ni ajira ambayo vijana wetu wanaiweza. Ubongo, watengenezaji wa katuni wa Dar es Salaam walioanza 2013, wamethibitisha kwamba katuni za hapa hupata watazamaji mbali na hapa.

Hofu yangu iko kwenye umiliki. Faili la miondoko halina sura, shuka wala jina la kijiji. Likishauzwa, nani atajua lilitoka wapi? Nchini Marekani, mtunzi wa dansi Kyle Hanagami aliishtaki Epic Games akidai gemu ya Fortnite inauza hatua zake za dansi. Novemba 2023 mahakama ya rufaa iliifufua kesi yake, na baadaye pande mbili zikapatana. Hanagami ni mtunzi mmoja mwenye jina. Ngoma ya Wabatemi ni ya jamii nzima, na ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inalinda sanaa za jadi, ulinzi huo haumsaidii asiye na mkataba mkononi.

Wamaasai wa Laikipia, Kenya, walipata njia nyingine: mwaka 2008 Shirika la Miliki Bunifu Duniani lilifundisha baadhi yao kurekodi utamaduni wao wenyewe. Digodigo inastahili hivyo hivyo, na mkataba utaje faili la miondoko kando na video, pamoja na mgawo wa kila mauzo. Ngoma za Mase, sherehe ya kidini ya kumtukuza Khambageu wa Wabatemi, ni suala jingine kabisa. Hizo ziamuliwe na wenamiji, yaani wazee wa mila, na wakikataa kamera, mnunuzi asirudi na bei kubwa zaidi.